Barua ya wazi kwa wakubwa wa Japani: brashi zikiisha, urushi tutaipaka na nini?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchumi, Biashara na Viwanda wa Japani, kwa Kamishna wa Idara ya Utamaduni kule Kyoto, na kwa magavana wote wenye mafundi wa kazi za jadi mikoani mwao.

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima. Barua hii kwa Kijapani nimeshaituma kwa posta, mwalimu wangu kaisoma na kunisahihishia. Hii ya Kiswahili naiweka wazi kwa sababu ndugu na marafiki wa Unguja, Dar na Mombasa wananiuliza kila siku hivi kule Japani unafanya kazi gani hasa, basi wasome. Na sababu nyingine ni kwamba Kijapani cha kuandikia ofisi kina adabu nyingi sana, jambo la moyoni linazama humo, na mimi hili sitaki lizame.

Mimi ni mtoto wa seremala wa Unguja, baba alikuwa akitengeneza milango na kukarabati masanduku ya zamani. Mwaka huu natimiza miaka 11 Japani na minane kati ya hiyo nimeimaliza ndani ya karakana ndogo ya urushi hapa Kanazawa. Kwa wasioijua, urushi ni utomvu wa mti, unagemwa, unachujwa, unapakwa kwenye bakuli la mbao tabaka juu ya tabaka mpaka bakuli linakuwa jeusi la kung'aa kama maji ya kisimani. Haianikwi juani, inataka unyevu, yaani bakuli ukishalipaka unalifungia kabatini kwenye hewa nyevunyevu, asilimia 70 mpaka 80, ndo linakuwa gumu, nikiwasimulia watu nyumbani hawaamini. Mti wenyewe ni wa ukoo mmoja na mkorosho na mwembe. Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua mafuta ya ganda yanavyobabua, basi na urushi mbichi ni hivyo hivyo, mwezi wangu wa kwanza mikono ilivimba mpaka viwiko na usiku silali kwa kujikuna.

Sasa waheshimiwa, watu wakisema kazi za jadi za Japani zinakufa, huwa wanasema vijana hawataki, soko limeanguka, watu wananunua bakuli za plastiki. Yote kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa za jadi zilizotambuliwa kisheria zilikuwa zinaingiza kama yeni bilioni 540 kwa mwaka na leo hata bilioni 100 hazifiki. Lakini sisi tulio ndani tunaona kifo kingine, hiki kinapita mlango wa nyuma na hakuna anayekipigia kelele. Fundi yupo, mwanafunzi yupo, na mteja naye yupo kashalipa kabisa, ila chombo cha kufanyia kazi hakuna, maana aliyekuwa anakitengeneza kazeeka, kaacha, au kafariki na hakuna aliyeshika pale alipoachia. Hilo ndo linalonifanya niandike.

Nianze na brashi, iko hapa mbele yangu wakati naandika. Ukiiona utadhani ni kibao tu, kipande chembamba cha mti wa hinoki chenye upana wa vidole viwili. Ndani yake mna nywele za binadamu, nywele za mwanamke, ndefu, ambazo hazijawahi kutiwa rangi wala dawa, zimepangwa unywele kwa unywele, zikagandishwa mpaka zikawa ngumu kama ubao, halafu zikafunikwa mbao pande zote. Kwenye zile nzuri nywele zinaanzia ncha hii mpaka mwisho wa mpini. Ncha ikichakaa unachonga mbao kwa kisu kama unavyochonga penseli, unaikata ile sehemu iliyokufa, unazigonga nywele polepole kwa nyundo mpaka ziachane, unaosha, na hapo una brashi mpya. Mwalimu wangu anayo moja aliyoachiwa na mwalimu wake, imebaki fupi kama kidole gumba na bado anaitumia kwa kazi za heshima tu.

Kwa nini nywele za mtu? Kwa sababu urushi ni nzito kama asali, manyoya laini yanalala chini hayaisukumi, na nyuzi za plastiki zinaacha mistari ambayo bakuli likishakauka haifichiki. Nywele za mtu zina ugumu wa kiasi chake. Sasa nywele zenyewe siku hizi kuzipata ni shida, wanawake wa leo wanatia rangi, wanatia dawa, wanakata fupi, ni haki yao, kwa hiyo nyingi zinatoka China na hata huko zinapungua. Na mafundi wa kutengeneza brashi hizi Japani nzima unawahesabu kwa vidole. Siku tunayopokea brashi mpya karakanani mwalimu anasimamisha kazi, anaifungua kwenye karatasi, anainusa, anapitisha kidole gumba kwenye ncha, hasemi kitu kwa muda. Mwanzoni nilikuwa sielewi ile kimya yake, sasa naielewa.

Brashi za makie, ule uchoraji wa unga wa dhahabu juu ya urushi, hizo ndo balaa zaidi. Mstari mwembamba kabisa ulikuwa unachorwa kwa manyoya ya panya, na si panya yeyote, wazee wanasema bora walikuwa wale wa kwenye mashua za mbao na matete ya Ziwa Biwa, yale manyoya ya mgongoni ambayo ncha yake haijasagika. Mashua za mbao zimekwisha, kingo zimejengwa saruji, panya wa leo anajisugua kwenye saruji na ncha ya manyoya inakatika. Tunatumia ya paka. Yanafanya kazi, lakini muulize mchoraji mzee yeyote akuoneshe mstari wa zamani na wa sasa aviweke pamoja, hutahitaji maelezo.

Na utomvu wenyewe je? Zaidi ya asilimia 90 ya urushi inayotumika Japani inatoka nje, karibu yote China. Ile ya nyumbani sehemu kubwa inatoka Joboji, kwenye mji wa Ninohe mkoa wa Iwate, na mimi nimefika huko, mwalimu alinituma nikaone kitu ninachokipaka kinatoka wapi. Mgema wa urushi ni kama mgema wetu wa mnazi, tofauti ni kwamba mnazi unakupa kila siku kwa miaka na huu mti unausubiri miaka 10 hadi 15, unaugema msimu mmoja kuanzia Juni mpaka vuli, unapata kama gramu 200 basi, glasi moja ya chai, halafu unaukata na kisiki kinachipua upya. Mzee niliyemfuata msituni alikuwa na chuma chenye ncha mbili, upande mmoja umepinda kama ukucha wa kuchimba mfereji kwenye gome, upande wa pili mkali wa kupasua ndani ya ule mfereji, na usipasue sana maana utaua mti, wala usipasue kidogo maana hutapata kitu. Utomvu unatoka mweupe kama tui, ukiuangalia hivi hivi unaanza kuwa wa kahawia. Anaukwangua anautia kwenye kopo lake la gome, anakwenda mti mwingine, na ule wa kwanza ataurudia baada ya siku kama nne, achanje mstari mrefu kidogo juu ya ule wa mwanzo.

Chuma hicho hakiuzwi dukani. Kinafuliwa kwa mkono, na kila mgema ana pembe yake anayoitaka kulingana na mkono wake. Nikamuuliza nani anakufulia? Akanitajia mtu mmoja, yuko mkoa wa jirani, Aomori. Nikauliza, na huyo akiondoka? Mzee akafuta chuma chake kwa kitambaa, akakirudisha kiunoni, tukaenda mti unaofuata. Sikuuliza tena.

Hapa waheshimiwa lazima niwape haki yenu, sikuja kulalamika tu. Februari 2015 Idara ya Utamaduni mlitoa agizo kwamba majengo ya hazina ya taifa na yale ya urithi muhimu yakikarabatiwa yatumie urushi ya Japani, mkalenga kuanzia 2018 iwe yote. Hesabu yenu ilikuwa mahitaji ya tani 2.2 kwa mwaka wakati nchi nzima ilikuwa inatoa kama tani moja. Wengi walisema haiwezekani. Lakini mgema akishajua mnunuzi yupo mwaka huu, mwakani na mtondogoo anapata nguvu ya kupanda mti ambao ataugema baada ya miaka 15, na Ninohe ikaanza kuchukua vijana kutoka mijini waje kujifunza kugema, na Desemba 2020 UNESCO wakautambua ugemaji wa urushi pamoja na fani nyingine za majengo ya mbao ya Japani. Karatasi moja ya serikali ilifanya hayo. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani, mmeshawahi, na ilifanya kazi kwa sababu mlijifunga kununua, hamkutoa hotuba.

Ila agizo lile lilihusu utomvu. Chuma cha mgema hakimo, brashi haimo, mkaa wa kusugulia haumo. Mkaa huu nao niuseme, maana watu hawaujui: urushi ikikauka inasuguliwa kwa mkaa wa miti maalumu na maji mpaka iwe laini, mkaa uliochomwa kiasi kwamba unakula urushi lakini hauikwaruzi, na wachomaji wake ni wachache mno. Tukikosa mkaa huo tunatumia msasa wa kiwandani, na jicho la mtu anayejua linaona.

Nawaeleza kilichotupata sisi. Miaka miwili iliyopita tuliomba ruzuku kwenye ofisi moja, siitaji, tununue brashi sita na mkaa wa kutosha miaka kadhaa kwa ajili ya wanafunzi watatu tulionao, maana mwalimu alikuwa na hofu kwamba mtengenezaji anakaribia kuacha. Fomu ilikuwa na kurasa 19, tulijaza wiki mbili usiku baada ya kazi. Ikarudi. Tatizo? Kwa kila kitu kinachozidi bei fulani lazima tulete makadirio ya bei kutoka kwa wauzaji watatu tofauti wapate kulinganisha. Nikampigia yule kijana wa ofisini, mpole tu, nikamwambia ndugu yangu brashi ya aina hii anayetengeneza ni mmoja, wa pili alishaacha, wa tatu hayupo duniani. Akaniambia ananielewa, anasikitika, lakini kanuni ni kanuni. Halafu akauliza kwa nini tunataka kununua za miaka mingi wakati bajeti ni ya mwaka mmoja. Ruzuku hatukupata. Yule mtengenezaji aliacha kazi miezi saba baadaye, macho yalishindwa.

Simlaumu kijana, hakuiandika yeye hiyo kanuni. Nauliza nyinyi mlio juu: kanuni ya bei tatu inamlinda nani pale ambapo fundi amebaki mmoja?

Na sheria yenyewe kuu, ile ya 1974 ya kuendeleza viwanda vya kazi za jadi, nimeisoma na mwalimu kifungu kwa kifungu. Ili kazi itambuliwe lazima iwe ya mikono kwa sehemu kubwa, iwe na ufundi wa miaka 100 na zaidi, malighafi iwe ile iliyotumika miaka 100 na zaidi, na katika eneo lake wawepo watengenezaji kama 10 au watu 30. Kwa vikombe na vitambaa sawa. Lakini mtengeneza brashi, mtengeneza vitana vya kufumia, mfua vyuma vya kugemea, lini watafika 10 sehemu moja? Hata enzi za neema hawakuwa wengi maana mmoja alikuwa anawatosha mafundi 100. Ndo maana kwenye orodha yenu yenye bidhaa zaidi ya 240, fungu la vifaa na malighafi lina bidhaa 3 tu, dhahabu ya kufua ya hapa hapa Kanazawa, karatasi za kuchapia vitambaa za Ise, na bakuli ghafi za kukereza za Shogawa. Tatu. Na sheria hiyo hiyo inataka malighafi iwe ya asili, sasa malighafi ikikatika bidhaa itabaki vipi kwenye orodha?

Najua mna utaratibu mwingine, wa 1975, wa kuwatambua mafundi wa vifaa na malighafi wanaohitajika kutunza urithi. Ni jambo zuri na watu waliotambuliwa wanaona fahari. Lakini linganisheni. Hazina Hai ya Taifa, yaani fundi mkuu anayetengeneza kazi yenyewe, mnampa yeni milioni 2 kwa mwaka, gazeti linamwandika, maonesho yanafanyika Tokyo. Yule aliyemtengenezea brashi jina lake halimo hata kwenye kikaratasi cha maonesho. Mwanawe anaona hayo tangu mdogo. Mtoto akiamua kwenda kufanya kazi kampuni ya simu mnamshangaa?

Urushi naijua kwa sababu ndiyo kazi yangu lakini kilio si cha urushi peke yake. Waulizeni wa karatasi. Washi, yaani karatasi ya jadi ya Japani, haitengenezwi kwa magome ya mti wa kozo tu, inahitaji ute wa mizizi ya mmea unaitwa tororo-aoi, jamaa wa bamia, ute kama ule wa bamia kweli, ndo unaozifanya nyuzi zielee sawasawa majini. Mwaka 2019 wakulima wachache wa Omitama, Ibaraki, ambao ndo walikuwa wanalima sehemu kubwa ya zao hilo, wakasema tumezeeka tunaacha, na wafanya karatasi nchi nzima wakashtuka, wengine ndo kwanza wakaanza kutafuta mbegu walime wenyewe. Ile chekeche ya kuchotea karatasi nayo ni vijiti vya mianzi vyembamba kama sindano, mamia kwa mamia, vimeshonwa kwa uzi wa hariri. Karatasi hii makumbusho ya dunia nzima inaitumia kukarabati vitabu na picha za kale. Na mkitaka mfano wa karibu zaidi toeni noti ya yeni 10,000 mfukoni, ile mpya ya Julai 2024, ndani yake mna magome ya mitsumata na mengi yake yanatoka Nepali kwa sababu wakulima wa nyumbani wamekwisha. Nepali wanafaidika, nawafurahia. Lakini nchi ambayo noti yake mwenyewe haiwezi kuitengeneza kwa mmea wake ingekaa ikajiuliza.

Kuna na la tembo, na mimi nikiwa Mtanzania siwezi kuliruka. Kifaa cha kupigia shamisen na vidaraja vya nyuzi za koto, ala za nyuzi za Japani, kwa desturi ni pembe za ndovu, na wanamuziki wanaonieleza sababu siwabezi, wanasema pembe inanyonya jasho la mkono haitelezi, na sauti inayotoa plastiki haijaifikia. Lakini pembe hizo zina njia zilikopita na njia hiyo imepita kwetu. Zanzibar ilikuwa bandari kubwa ya pembe karne ya 19, mji nilikozaliwa umejengwa kwa pesa hizo na kwa mabega ya watu waliozibeba kutoka bara. Mwaka 1989 Tanzania ilikuwa mbele kudai biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ipigwe marufuku, ikapigwa. Hata baada ya hapo Selous peke yake ilipoteza tembo wengi mpaka hesabu ya 2013 ikakuta kama elfu 13, wakati miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya laki moja. Kwa hiyo nawaomba, mnapopanga kuhusu malighafi msiweke matumaini kwenye stoku ya pembe na soko la ndani mlilolibakisha wazi. Weka pesa kwenye kutafuta mbadala, na si mbadala wa kukaa maabara, mpeni mpigaji mzee auseme ubaya wake, urudi, utengenezwe tena, hata mara 50. Urithi wa Japani usitake mwingine azike wake.

Halafu Noto, ile rasi ya kaskazini mwa mkoa wetu. Tarehe 1 Januari 2024 tulikuwa tumekaa kula chakula cha mwaka mpya ardhi ikatikisika, hapa Kanazawa vyombo vilianguka, kule Wajima, mji wa urushi wa huko Noto, mtaa wa soko la asubuhi ukaungua, majengo zaidi ya 200. Septemba mwaka ule ule mvua ikaja ikafunika matope yale yaliyosalia. Mwezi wa tatu mimi na mwalimu tulikwenda kumsaidia rafiki yake kuchambua karakana iliyolala chini. Tulipata bakuli, tulipata makopo ya urushi yakiwa mazima. Alichokuwa anakitafuta yeye ni droo moja. Tuliipata siku ya pili chini ya boriti, ndani mna brashi 14, mpini wa kwanza umepasuka, wa pili mzima, akawa anazitoa moja moja anazifuta kwa ndani ya jaketi lake, na mtu aliyekuwa hajalia kwa nyumba wala gari akakaa chini akalia. Akasema, nyumba nitajengewa.

Serikali mliwajengea karakana za muda haraka, tuliona na tunashukuru. Lakini Wajima ina udongo wake, jinoko, udongo mwepesi unaochomwa na kusagwa ukachanganywa na urushi kwenye tabaka za chini, ndo siri ya ugumu wa Wajima-nuri, vyombo vya urushi vya huko, na unachimbwa kilima cha hapo hapo mjini. Ina wakereza bakuli, ina mbao zinazokaushwa miaka kabla ya kuguswa. Mbao za miaka mitano zikishaharibika hazirudi kwa ruzuku ya mwaka mmoja.

Basi naomba nini? Mwishoni mwa 2021 mlitangaza mpango wa miaka mitano wa mafundi wa urithi, malighafi na vifaa, nao unafikia mwisho na mwaka wa fedha 2026. Hatujui kitakachofuata. Kabla hamjaandika unaofuata, tumeni watu wakawahesabu watengenezaji wote wa vifaa, si vya majengo ya urithi tu, vya kazi zote 240 na ushee, wawaulize umri, mwanafunzi yupo au hayupo, na nani anamtegemea, halafu mtangaze kila mwaka wazi ili fundi wa Kyoto ajue kwamba mtu wake wa Aomori ana miaka 80. Wale waliobaki mmoja au wawili waondoleeni ile kanuni ya bei tatu, hili halihitaji hata pesa, linahitaji saini.

Halafu muwe mnunuzi kama mlivyokuwa kwa urushi. Jifungeni miaka 10 kununua idadi fulani ya brashi, vyuma, chekeche, mkaa, kila mwaka, viwekwe stoo ya mkoa na mafundi wanunue kutoka humo kwa bei ya kawaida. Mtengenezaji mwenye oda ya miaka 10 anaweza kumchukua kijana. Na huyo kijana alipwe mshahara wa kuishi, si posho, kwa muda wote ambao kazi yenyewe inahitaji. Mwalimu wangu anasema mtu haaminiki kwenye brashi kabla ya miaka kama 10, nyinyi mnatoa msaada wa miaka miwili mitatu na mnategemea amalize.

Na tafadhali siku mtakapokaa kikao cha kuandika huo mpango mpya, waiteni wenyewe. Sio sisi wa urushi, sisi tunasikika. Mwiteni mfua vyuma. Atakuja na nguo za kazi, hatasema mengi, mpeni muda.

Ndani ya bahasha ya Kijapani nimeweka picha ya brashi zote tulizonazo karakanani zimelazwa kwenye rula. Ndefu kuliko zote imebakisha sentimita 11 za nywele. Wanafunzi ni watatu. Anwani yetu iko nyuma ya picha, mlango uko wazi kila siku isipokuwa Jumapili, mkija mtatukuta kazini.

Kwa heshima na matumaini,

Fundi wa urushi, Mzanzibari wa Kanazawa